Kabla Hujatuma Pesa ya Ganeti, Litazame Jiwe Lenyewe

Umetumiwa picha kwenye simu. Jiwe dogo la kijani limewekwa juu ya kiganja cha mtu, linang'aa kana kwamba kuna taa ndani yake. Chini ya picha kuna bei, maneno "orijino kutoka Taita", na nambari ya kutuma pesa. Muuzaji anasema kuna mteja mwingine anakuja saa nane, kwa hivyo kama unalitaka ufanye haraka.

Wacha haraka kwanza. Kutuma pesa kwa simu huchukua sekunde chache, na sisi tunafurahi kwamba ni rahisi hivyo. Kuchagua jiwe, kwa upande mwingine, kunataka macho, mwanga na mizani, na picha haikupi hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Makala hii ni ya mtu anayetaka ganeti ya pete ya uchumba, ya hereni za mama, au ya kidani cha binti aliyehitimu. Tutaanza na jiwe, halafu tufike kwenye pesa.

Ganeti ni ukoo mzima

Wengi wakisikia ganeti huwaza jiwe jekundu. Jina lenyewe linatokana na neno la Kilatini linalohusu komamanga, na ukipasua komamanga lililoiva utaona kwa nini. Lakini ganeti ni ukoo wa mawe yenye mpangilio mmoja wa ndani na mchanganyiko tofauti wa madini. Ndani ya ukoo huo kuna wekundu, wa zambarau, wa rangi ya machungwa na wa kijani. Anayekuambia "nakuuzia ganeti" bila kusema ni ganeti gani bado hajakuambia kitu, kwa sababu karati moja ya aina hii inaweza kuwa na bei mara makumi ya karati moja ya aina ile.

Almandini ndiyo ya kawaida kabisa. Rangi yake ni damu ya mzee, wakati mwingine nzito hadi kukaribia nyeusi, na bei yake ni nafuu. Rodolaiti ni mchanganyiko wa almandini na aina nyingine iitwayo piropu. Wekundu wake unaelekea zambarau na mwanga hupita vizuri zaidi. Inapatikana huku kwetu na katika bonde la Umba, upande wa Tanzania karibu na mpaka. Spesatini ni ya rangi ya machungwa, na nzuri sana zimetoka Loliondo.

Kuna nyingine ambayo ukiitaja mbele ya mama mkwe utaonekana huna adabu: inaitwa malaya. Ndiyo, neno ni hilo hilo unalolijua. Wafanyabiashara wa Umba walikuwa wakitafuta rodolaiti, wakapata mawe ya waridi yanayoelekea machungwa ambayo hayakufanana na ukoo wowote waliokuwa wakiujua. Wakayatenga, wakayapa jina la kuyadharau. Baadaye wanunuzi wa ng'ambo waliyapenda, bei ikapanda, na jina likabaki. Leo linaandikwa hata kwenye vyeti vya maabara. Ukikutana nalo kwenye risiti usidhani umetukanwa.

Jiwe la Tsavo

Ganeti ambayo Mkenya anapaswa kuijua kuliko zote ni ya kijani, tsavoraiti. Mwanajiolojia Campbell Bridges aliipata kwanza kaskazini mashariki mwa Tanzania mwaka 1967, halafu miaka michache baadaye akaipata upande wetu, Taita Taveta. Mwaka 1974 kampuni ya vito ya Tiffany & Co. ya New York ilianza kuitangaza duniani kwa jina linalotokana na mbuga ya Tsavo. Kwa hivyo jina la jiwe linalovaliwa kwenye maduka ya kifahari ya Marekani limetoka mahali ambapo wewe hupita ukiwa kwenye basi la Mombasa, pengine umelala.

Rangi yake ya kijani huletwa na chembe za vanadi, na mara nyingine kromi. Mawe haya yaliumbika zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, ndani ya miamba yenye grafaiti, mara nyingi yakiwa katika vinundu vya mviringo mfano wa viazi. Shida ni kwamba vinundu hivyo vimejaa nyufa. Mchimbaji anaweza kutoa kinundu kikubwa kama ngumi na ndani yake apate vipande vidogo tu vinavyofaa kukatwa. Ndiyo maana tsavoraiti safi inayozidi karati 2 ni adimu, na anayekupa ya karati 10 kwa bei ya kutupwa ana hadithi ambayo hajaimaliza.

Watu huilinganisha na zumaridi. Zumaridi ina jina kubwa zaidi, lakini nyingi hutiwa mafuta au gundi maalumu ili nyufa zisionekane. Tsavoraiti kwa kawaida haitiwi chochote: hukatwa, hung'arishwa, basi. Pia hurudisha mwanga kwa nguvu zaidi kuliko zumaridi, kwa hivyo hata kipande kidogo humetameta. Kwa maoni yetu, mtu mwenye bajeti ya wastani anayetaka kijani cha kweli kwenye pete atapata jiwe zuri zaidi akinunua tsavoraiti ndogo kuliko akinunua zumaridi ya bei hiyo hiyo.

Litoe jiwe nje ya duka

Taa za duka la vito zimewekwa hapo kwa kazi maalumu. Ni kali, ziko karibu, na kila kitu kilicho chini yake hupendeza, hata kioo. Mwombe muuzaji mtoke pamoja hadi mlangoni, mahali penye kivuli lakini panapoona anga. Weka jiwe juu ya karatasi nyeupe. Litazame hapo, halafu rudi ndani ulitazame chini ya balbu ya kawaida ya manjano, kwa sababu usiku wa sherehe ndiyo taa utakayokuwa nayo.

Almandini nyingi hufeli mtihani huu. Dukani zilikuwa nyekundu, mlangoni zimekuwa nyeusi. Ukilipenda jiwe kama hilo, tafuta dogo au jembamba zaidi, kwa sababu rangi nzito hupungua jiwe likipungua unene. Kwa tsavoraiti, tafuta kijani kilichokolea lakini bado kiko hai. Ikiwa nyeupe-nyeupe kama mnanaa uliooshwa, bei ishuke. Ikiwa nzito hadi pembe zake zimekuwa nyeusi, bei ishuke pia. Iliyo katikati ndiyo ghali.

Sasa lishike jiwe, upande wa juu ukikutazama, juu ya maandishi ya gazeti. Kama unaweza kusoma herufi kupitia katikati ya jiwe, fundi alilikata kwa kina kidogo mno ili asipoteze uzito, na mwanga unapita moja kwa moja badala ya kurudi kwenye jicho lako. Wenye biashara huita hilo dirisha. Jiwe lenye dirisha kubwa lina katikati iliyokufa hata likioshwa kila siku. Hapa ndipo wanunuzi wengi huibiwa bila kuibiwa: rangi ni nzuri, jiwe ni halali, lakini wanalipia uzito ambao haung'ai.

Halafu omba lupu, ile lenzi ndogo ya kukuza mara 10. Duka lisilo na lupu ni kama duka la nguo lisilo na kioo. Tsavoraiti kuwa na alama ndogo ndani ni kawaida, usiogope. Unachotafuta ni ufa unaofika juu ya uso wa jiwe au ulio karibu na ukingo, kwa sababu pete hugonga meza, mlango na sufuria, na jiwe hupasukia hapo. Ganeti nyekundu kwa upande wake inapatikana safi kwa urahisi, kwa hivyo usilipe bei kamili kwa yenye madoa yanayoonekana kwa macho matupu.

Karati, gramu na mizani ya sonara

Karati moja ya uzito ni gramu 0.2, kwa hivyo gramu moja ina karati 5. Usichanganye na karati za dhahabu, ambazo hupima usafi: dhahabu ya karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu kati ya 24. Pete moja inaweza kuwa na karati za aina mbili kwenye risiti moja, na tumeona watu wakibishana juu ya hilo kaunta nzima ikisimama.

Mizani ni jambo ambalo wanunuzi wengi hulipita, na ndilo lenye pesa. Baadhi ya mizani za kupimia mapambo husoma hadi gramu 0.1 tu. Jiwe lako la karati 0.8 lina gramu 0.16, na mizani hiyo itaandika 0.2, yaani karati 1. Tuseme mmekubaliana shilingi 30,000 kwa karati (huu ni mfano wa hesabu, usiuchukue kama bei ya soko). Ulipaswa kulipa 24,000, sasa unalipa 30,000. Shilingi 6,000 zimeenda na hakuna aliyekudanganya ila tarakimu moja. Omba mizani inayosoma karati hadi sehemu ya mia, na uhakikishe inaanza kwenye sufuri kabla jiwe halijawekwa.

Jua pia kwamba bei ya karati moja hupanda jiwe likikua. Tsavoraiti moja ya karati 2 hugharimu zaidi ya mbili za karati 1 zenye ubora ule ule. Ndiyo maana kwa hereni, ambapo mawe mawili madogo yanatosha, pesa yako hufika mbali zaidi. Jiwe la duara la karati 1 lina upana wa takriban milimita 6, usije ukatarajia kitu cha ukubwa wa punje ya mahindi.

Na mawe ghafi? Kuna anayeona bei ya gramu ya jiwe ambalo halijakatwa, akadhani amepata njia ya mkato. Gramu moja ni karati 5, lakini baada ya kukatwa mara nyingi hubaki karati 1 au 1.5. Zingine ni unga. Tena biashara ya madini inahitaji leseni chini ya Sheria ya Madini ya 2016, na kuyatoa mawe nchini kunahitaji kibali, hata kama ni zawadi ya dada aliye Uingereza. Kama hujui kukata na huna karatasi, nunua lililokwisha kukatwa.

Bandia hufanana vipi?

Bandia ya kawaida ya kijani ni kioo, wakati mwingine kioo cha chupa. Chini ya lupu utaona viputo vya mviringo kama vya soda, na kingo za mikato zinaonekana kama zimeyeyuka kidogo badala ya kuwa kali. Kioo hukwaruzika upesi pia, kwa hivyo jiwe "la zamani" lenye mikwaruzo mingi juu lina swali la kujibu.

Kuna bandia yenye ujanja zaidi. Maabara hutengeneza jiwe liitwalo YAG, na jina lake refu lina neno ganeti ndani yake. Muuzaji anaweza kukuapia kwamba ni ganeti ya kijani, na kwa tafsiri fulani asiwe mwongo. Swali la kuuliza ni hili: "Ni ya asili, imetoka ardhini? Utaniandikia hivyo kwenye risiti?" Angalia uso wake akijibu sehemu ya pili. YAG pia ni nzito kuliko tsavoraiti yenye ukubwa ule ule, jambo ambalo sonara mzoefu hulitambua haraka.

Kwa ganeti nyekundu kuna kipimo rahisi. Zina chuma ndani, na sumaku yenye nguvu sana, ile ndogo ya neodimi, huzivuta kidogo zikiwekwa juu ya kitu kinachoelea majini. Kioo chekundu na rubi havifuati. Kwa tsavoraiti kipimo hiki hakisaidii, kwa sababu chuma chake ni kidogo mno.

Cheti cha maabara kina maana jiwe linapokuwa la bei kubwa. Kisome: kiseme ni la asili, kitaje aina, uzito na vipimo kwa milimita, halafu jiwe lipimwe mbele yako lilingane. Kwa almandini ya elfu mbili tatu, cheti kinaweza kugharimu kuliko jiwe, na hapo macho yako na risiti nzuri vinatosha. Walio karibu na Taita wanaweza pia kuuliza Voi, ambako serikali ilijenga kituo cha vito ili mawe yakatwe na kuuzwa karibu na migodi yanakotoka.

Sasa pesa

Mpangilio ni huu: jiwe litazamwe, lipimwe, risiti iandikwe, pesa itumwe, jiwe lishikwe. Muuzaji akitaka pesa iruke mbele ya risiti, mrudishe kwenye mstari.

Lipa kwa nambari ya till ya duka badala ya nambari ya mtu binafsi. Kabla hujaweka nambari ya siri, soma jina la mpokeaji linalojitokeza. Duka linaitwa hivi na jina linalotokea ni la mtu usiyemjua? Uliza. Huenda ni mwenye duka, huenda till iliandikishwa kwa jina lake. Lakini jibu liandikwe kwenye risiti, kwa sababu ujumbe wa malipo utakaobaki kwenye simu yako utakuwa na jina hilo, na siku ya ubishi majina mawili tofauti yatakusumbua.

Risiti iseme aina ya ganeti, kwamba ni ya asili, uzito kwa karati, umbo, rangi, bei, na siku ulizopewa za kulirudisha ukipimiwa kwingine na kuambiwa vingine. "Green stone 1pc" si risiti ya jiwe. Andika pia msimbo wa muamala juu yake kwa kalamu.

Hapa tuseme wazi jambo ambalo huleta uchungu mwingi. Huduma ya kurudisha muamala ipo kwa aliyekosea nambari. Ukituma kwa mtu asiye sahihi, piga simu huduma kwa wateja mara moja, kabla pesa haijatolewa. Lakini kama ulituma kwa mtu uliyemkusudia, kiasi ulichokusudia, na jiwe likageuka kuwa kioo, huo ni mgogoro wa mnunuzi na muuzaji. Sisi tunaweza kuthibitisha kwamba pesa ilienda, lini na kwa nani. Hatuwezi kuamua kwamba jiwe ni bandia. Kazi hiyo ni ya risiti yako, polisi na mahakama, na bila risiti inakuwa neno lako dhidi ya lake.

Kwa mauzo ya mbali, kama muuzaji yuko Mwatate na wewe uko Eldoret, usitume yote. Mwambie akutumie video, jiwe likiwa kivulini juu ya karatasi nyeupe, rula ikiwa kando, halafu likiwa kwenye mizani. Kamera ya simu hujirekebishia rangi yenyewe, kwa hivyo video ni ya kukusaidia kukataa, haitoshi kukubali. Mkubaliane jiwe lipelekwe kwa sonara unayemwamini mjini kwako, ulitazame hapo, ulipe hapo. Anayedai "tuma ya usafiri tu kwanza", kisha ya bima, kisha ya kibali, huyo anakula kidogo kidogo.

Wanaolipa polepole, labda kwa zamu ya chama, wahakikishe kila malipo yanaenda till ile ile na salio linaandikwa kwenye risiti ile ile. Jiwe lenyewe lipigwe picha kupitia lupu siku ya kwanza. Alama zake za ndani ni kama alama za vidole, na siku ya kulichukua utalinganisha. Fanya hivyo pia ukimwachia fundi jiwe akutengenezee pete: uzito uandikwe kabla hujaondoka.

Likishafika kidoleni

Ugumu wa ganeti uko kati ya 6.5 na 7.5 kwa kipimo cha Mohs. Mchanga uliomo kwenye vumbi la kawaida una ugumu wa 7, kwa hivyo kupangusa jiwe kavu kwa kitambaa chenye vumbi ni kulisugua kwa msasa. Tumia maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini. Kwa pete ya kuvaliwa kila siku, mwambie fundi azungushe dhahabu au silva kwenye ukingo wote wa jiwe badala ya kulishika kwa kucha nne. Kwa hereni na kidani kucha zinatosha, hazigongwi sana.

Na ukirudi baadaye kupunguza saizi ya pete, mwambie fundi kabla hajawasha moto kwamba hiyo ni ganeti. Moto wa ghafla huipasua. Alitoe jiwe kwanza, alipime mbele yako, halafu afanye kazi yake.